Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za biashara: majibu ya madodoso yetu yako wapi?

Kwa: Wakuu wa Shule na Vyuo vya Biashara Tanzania
Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), NACTVET, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia

Waheshimiwa,

Shikamooni. Wengi wenu ni walimu, na baadhi yenu mmenifundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo hata nikipandisha sauti huko mbele, heshima iko palepale.

Mimi ni mtunza hesabu. Maduka ninayoyaandikia vitabu yako Kariakoo, mengi ya vitenge na vyombo vya nyumbani, machache ya vipuri. Shahada ya biashara niliipata hapahapa Dar es Salaam. Dodoso najua linavyotungwa kwa sababu na mimi nililitunga, na najua linavyopokelewa dukani kwa sababu siku hizi nakaa upande wa pili wa kaunta. Ombi langu ni moja, mengine yote humu yanalizunguka: tafiti mnazofanya juu yetu zirudi kwetu, na mwalimu anayezirudisha apande cheo kwa kazi hiyo kama anavyopanda kwa makala ya jarida.

Msimu wa tasnifu ukifika, wanafunzi wanashuka Kariakoo na barua za utambulisho. Juzijuzi kijana mmoja alifika dukani saa sita mchana na dodoso la kurasa saba. Mwenye duka, mama wa makamo aliyerithi biashara ya vitenge kwa mama yake, alikuwa anahesabu pesa na mteja wa Lubumbashi. Kijana akasubiri kwa adabu mpaka mteja akaanza kufungiwa mzigo, kisha akasoma: "Mtaji wa kijamii una mchango chanya katika ukuaji wa biashara yangu. Nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa."

"Mtaji wa kijamii ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni kama… watu unaofahamiana nao, mama."

"Basi andika nakubali. Nyingine?"

Wakaenda hivyo mpaka swali la thelathini na kitu. Nakubali, nakubali, nakubali, huku mama akimwelekeza mbeba mzigo akaze kamba. Yule mteja wa Lubumbashi akaondoka na mzigo wa mamilioni ambao alilipia nusu tu. Nusu iliyobaki ni mali kauli, atalipa akishauza. Mkataba hakuna, dhamana hakuna, kuna daftari na namba ya simu. Mtaji wa kijamii wenyewe ulipita mbele ya macho ya kijana, na katika kurasa zote saba hapakuwa na kisanduku cha kuuandika.

Simlaumu. Sura ya pili ya tasnifu yake ilishaandikwa kabla hajapanda daladala. Nadharia imetoka Marekani, vipimo vimetoka kwenye makala ya watu wa nchi nyingine, kilichobaki ni kupata watu mia na hamsini wa kuweka vema. Matokeo yatasema mtaji wa kijamii una mchango chanya. Yataandikwa kwa Kiingereza, yatajalidiwa, yatapangwa kwenye rafu ya maktaba. Mama hatayaona. Ofisi ya Halmashauri inayompangia ushuru haitajua hata kama yapo. Ni sawa na kutolewa damu kila mwaka na majibu yakasomewa mji mwingine.

Tatizo liko kwenye ngazi za vyeo, na hili mnalijua kuliko mimi. Kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, mpaka uprofesa kamili, kinachobeba uzito ni machapisho kwenye majarida yenye wahakiki. Huduma kwa jamii imetajwa kwenye miongozo, ila kila mwalimu anajua ni ipi kati ya hizo inayopandisha mshahara. Mwalimu akikaa miezi sita na wauza vitenge, akawatengenezea utaratibu wa kufuatilia madeni na ukafanya kazi, hana mahali pa maana pa kuijaza kazi hiyo kwenye fomu. Akikaa miezi hiyohiyo kuigeuza data ya mwanafunzi kuwa makala mbili, ana pointi zake. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Na Wizara ilipoanza kuwazawadia fedha watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, nia ilikuwa njema, lakini ilizidi kuwasukuma walimu kulekule walikokuwa wanakwenda.

Inashangaza, kwa sababu umbali kati yetu ni mdogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani. Oktoba 1961 kilianza kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, jirani kabisa na Kariakoo. Mlimani kilihamia 1964. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, ilifunguliwa 1965 ili nchi changa ipate watu wake wa kuendesha biashara, na kampasi yake ya Dar es Salaam mpaka leo ni mwendo wa miguu kutoka Mtaa wa Msimbazi. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya watendaji wa serikali za mitaa. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa 1963 kwa ajili ya vyama vya wakulima waliokuwa wanauza kahawa na pamba. Waliovianzisha vyuo hivi hawakuwa na jarida kichwani. Walikuwa na watu fulani wenye shida fulani.

Siku hizi mnaitwa lini? Mwaka 2014 maduka yalifungwa kupinga mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi. Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Haikufika miezi miwili zikapunguzwa kwa asilimia 30, na kilichozipunguza ni kelele za wananchi. Mei 2023 Kariakoo ikafungwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara uwanjani, wakalia na kamatakamata ya maofisa wa kodi na usajili wa stoo. Juni 2024 ikafungwa tena, na safari hii mikoa mingine ikafuata. Mwanzoni mwa 2025 malalamiko juu ya wageni wanaouza rejareja yalipozidi, Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, akaunda kamati, na uenyekiti akapewa Profesa Edda Lwoga, Mkuu wa CBE. Julai mwaka huohuo likatoka agizo la kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara.

Uteuzi ule niliufurahia, nasema kweli. Angalau mtu wa chuo cha biashara aliitwa kwenye jambo la biashara. Lakini kamati huundwa watu wakishachoka. Ina muda mfupi, na inaanza kuuliza upya mambo ambayo yangekuwa yameshaandikwa. Nani amepanga fremu ipi Mtaa wa Narung'ombe? Kodi ya pango ni kiasi gani, kilemba cha kupewa fremu kiasi gani, na vilipanda lini? Anayeuza jumla mbele na rejareja nyuma ni nani? Kama shule za biashara zingekuwa zinahesabu fremu za Kariakoo mtaa kwa mtaa, kila mwaka, mwezi uleule, kamati yoyote ingeingia kazini na jedwali la miaka kumi mezani. Hesabu hiyo haihitaji mfadhili wa kizungu. Inahitaji wanafunzi hamsini na wiki mbili, na wanafunzi mnao.

Turudi kwenye mali kauli, maana ndipo mngeweza kutusaidia mapema zaidi.

Duka la jumla linatoa mzigo kwa wauzaji wadogo wa Tandika, Mbagala, Morogoro, mpaka Tunduma. Wengine wanalipa kwa wiki, wengine kwa mwezi, wengine "nikishauza, dada". Katika vitabu ninavyoandika, yapo maduka ambayo pesa iliyo nje kwa watu ni kubwa kuliko thamani ya mzigo uliomo ndani. Mwenye duka anawajua wadaiwa wake kwa sura na kwa ukoo. Kwa hesabu hawajui. Hajui kama hatari zaidi ni yule anayechelewa wiki mbili kila mara, au yule anayelipa haraka mara tatu, mara ya nne akachukua mzigo mkubwa na kuzima simu. Hajui ambane nani mwezi Januari, ada za shule zinapokula mitaji ya watu. Anakisia, na kwa bahati nzuri anakisia vizuri, ndiyo maana duka bado liko wazi.

Hapo kodi bado. Kwa sheria ya VAT, kodi haimsubiri mteja alipe. Mzigo ukitoka au ankara ikiandikwa, deni la kodi limeshaanza. Mzigo umetoka leo, pesa itaingia baada ya siku arobaini, ritani inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mfanyabiashara afanye nini? Wengi hawatoi risiti mpaka pesa iingie. Afisa akiingia dukani siku hiyo, anaandika "mkwepaji". Wakwepaji wamo, tena wengi, sitawatetea. Lakini wamo pia ambao hawana mfukoni ile asilimia 18 ya pesa ambayo haijafika. Makundi haya mawili yakiwekwa kapu moja, unapata kamatakamata, na baada ya kamatakamata unapata maduka yaliyofungwa.

Shule yenu moja ingeweza kulipima hili. Maduka sitini, mwaka mmoja, safu mbili: tarehe mzigo ulipotoka, tarehe pesa ilipoingia. Basi. TRA wangeyahitaji majibu hayo, Wizara ya Fedha wangeyahitaji, na benki zinazotuambia hatukopesheki kwa sababu hatuna kumbukumbu zingeyahitaji kuliko wote, maana zingeona kwamba kumbukumbu zipo, ila ziko kwenye daftari la kaunta lenye jalada la Mlima Kilimanjaro. Wanaosoma fedha na uhasibu wanajua kwamba swali hilo si dogo hata kwa jarida kubwa.

Na mikopo yenyewe. Anayekosa benki anaenda kausha damu, anakopa laki tano na kurejesha kila jioni, mkusanyaji kasimama mlangoni na kidaftari chake. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila leseni. Waliokuwa wanakopa huko walihamia wapi wiki iliyofuata? Kikoba, kausha damu, au waliacha kukopa kabisa? Swali hilo ni lenu moja kwa moja, na wakati wa kuliuliza ulikuwa Novemba ileile.

Najua kuna wasomi wanaoona kwamba utafiti wa namna hii ni wa daraja la chini, kazi ya mashirika na washauri. Kwao nina mfano mmoja tu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Tavneet Suri, Mkenya anayefundisha shule ya biashara ya MIT, na mwenzake William Jack wa Georgetown, walianza kuzifuatilia kaya zilezile za Kenya kuanzia 2008 mpaka 2014. Desemba 2016 matokeo yao yakatoka kwenye jarida la Science: huduma za pesa kwa simu zilikuwa zimezitoa kwenye umaskini kaya zipatazo 194,000, ambazo ni asilimia 2 ya kaya za Kenya, na wanawake wapatao 185,000 walikuwa wametoka kwenye kilimo cha kujikimu na kuingia kwenye biashara. Jarida hilo si la mchezo. Na matokeo hayo yakawa hoja ya kila aliyekuwa anatetea pesa za simu serikalini na kwenye benki kuu. Ubora na manufaa vilikaa sehemu moja.

Kinachoniuma ni kwamba jambo lililotokea mbele ya milango yetu, jambo ambalo dunia nzima ilikuja kujifunza Afrika Mashariki, jibu lake maarufu lilichapishwa na watu wa Massachusetts na Washington. Siyo kwa sababu wana akili kutuzidi; mmoja wao ni wetu. Walikuwa na mpango uliodumu miaka sita kwa watu walewale. Sisi mpango wetu unadumu muhula mmoja, kwa watu wowote watakaokubali kusimama.

Kwa hiyo hili ndilo ningelifanya la kwanza kama ningekuwa na kiti chenu. Ningechukua zile tasnifu zinazofanyika Kariakoo kila mwaka, kila moja na watu wake mia na hamsini wasiojuana, ningeziunganisha. Maduka mia tatu yaleyale, mwaka baada ya mwaka. Mwanafunzi anakuja na swali lake, ila anaingia kwenye orodha iliyokuwepo kabla yake na anaiacha ikiwa nene zaidi kwa atakayemfuata. Baada ya miaka mitano, shule hiyo ingekuwa na kitu ambacho wasomi wa Boston na London wangekuja kukiomba, na waandishi wa kwanza kwenye hizo makala wangekuwa watoto wa hapa.

Tena mambo ya kupima yanatokea yenyewe, bila mtafiti kuyapanga. Februari 2025 Kariakoo ilizinduliwa kufanya biashara saa 24. Mauzo yalikuwaje kabla, na yakawaje baada? Nani aliongeza mfanyakazi, nani aliongeza bili ya umeme tu? Ubungo, palipokuwa na stendi ya mabasi, sasa kuna kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Wateja wetu wa Zambia na Malawi watashukia huko, au watakuja kwetu kama zamani? Asiyekuwa na takwimu za kabla atabaki kusimulia. Tulishasimulia vya kutosha kuhusu Machinga Complex pale Karume: jengo likakamilika 2010, na kwa miaka vizimba vingi vikabaki vitupu, kwa sababu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa masoko angeisema. Machinga anamfuata mpita njia, na mpita njia hapandi ngazi kununua soksi. Kama kuna shule ya biashara iliyosema hivyo kwa sauti kabla zege halijamwagwa, mtaani haikusikika.

Wenzenu wa Morogoro, pale SUA, wanafuga panya waliofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nimewahi kumsikia kondakta wa basi akimweleza abiria habari hizo kwa fahari. Sijawahi kumsikia kondakta akieleza matokeo ya utafiti wa shule yoyote ya biashara, na kondakta ni mfanyabiashara.

Sasa jambo gumu zaidi, uaminifu. Mkija Kariakoo na karatasi inayouliza "mauzo yako kwa mwezi ni shilingi ngapi", tunadhani ni TRA. Mtawaambia mmetoka chuoni, tutatikisa kichwa, na bado tutawatajia tarakimu ya uongo. Nimekaa pembeni nikasikia duka linalouza milioni kumi kwa siku likijitaja kuwa linauza milioni kumi kwa mwezi, na mtafiti akaandika. Makala ngapi zimejengwa juu ya tarakimu hizo? Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Itumieni. Andikeni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwamba taarifa za duka hazitatoka nje ya chuo zikiwa na jina, na kwamba mkuu wa shule anawajibika zikitoka. Jumuiya ya Wafanyabiashara iwe shahidi. Wala msije na gari la serikali. Na kama TRA ndiyo inayolipia utafiti, tuambieni tangu mwanzo; wapo watakaokubali hata hivyo, na mtajua angalau nani amewajibu akijua.

Kuna hatari upande wa pili na nisiifiche. Neno manufaa likitamkwa sana, litatekwa. Benki italipia utafiti wa kuonyesha mikopo yake ni mizuri, kampuni ya simu italipia wa kuonyesha makato yake ni madogo, na mwalimu atakuwa mshauri wa kulipwa mwenye joho. Huo sio utafiti ninaouomba. Mtu anayetafiti historia ya ujasiriamali wa Wahaya au nadharia ya michezo katika minada ya korosho aachwe afanye kazi yake bila kuulizwa kila Ijumaa amemsaidia nani. Korosho yenyewe imetufundisha: Novemba 2018 Serikali iliamua kuinunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakabeba magunia. Kabla ya siku ile, anayejifunza minada angeonekana anapoteza muda.

Nchi nyingine zimeshajaribu kubadilisha mizani hii na tunaweza kuchukua kinachotufaa. Uingereza, katika tathmini ya utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2014, ilitenga asilimia 20 ya alama kwa mabadiliko ambayo utafiti umeyaleta nje ya chuo. Katika tathmini ya 2021 ikapandisha hadi asilimia 25. Chuo kinatakiwa kuonyesha kwa ushahidi ni nani alibadilika, alibadilika vipi, na utafiti upi ulihusika. Walimu wao wanalalamika kwamba kazi ya makaratasi imeongezeka, na nina hakika wanasema kweli. Chombo cha ithibati cha shule za biashara cha Marekani, AACSB, kiliingiza mchango kwa jamii kwenye vigezo vyake vya 2020. Miaka mitatu kabla yake, kundi la wasomi wa biashara wa nchi mbalimbali wanaojiita RRBM walitoa tamko la kutaka utafiti uwe wa kuaminika na wenye manufaa kwa pamoja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema majarida yafungwe.

TCU, hapa ni kwenu zaidi. Kanuni za kupandisha vyeo ziruhusu mwalimu awasilishe, badala ya makala moja, faili la tatizo alilolishughulikia: lilikuwa nini, alipima nini, nani alitumia majibu, kipi kilibadilika. Lihakikiwe kwa ukali uleule, na katika wahakiki awemo mtu mmoja kutoka kwenye sekta inayohusika. Kama tatizo ni la ushirika, awemo katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kama ni la soko, awemo mwenye duka. Atauliza maswali ambayo maprofesa wawili hawatayauliza, la kwanza likiwa "hii ilimsaidia nani?"

Wakuu wa shule, kwenu ombi ni dogo na haliombi bajeti ya Wizara. Tasnifu yoyote iliyokusanya taarifa sokoni isisainiwe mpaka mwanafunzi arudi na kurasa mbili za Kiswahili na kuzisoma mbele ya watu waliomjibu. Nusu saa inatosha. Akikosea, ataambiwa palepale, na ninawahakikishia ataambiwa, Kariakoo hatuna aibu. Nakala moja ibaki kwa uongozi wa soko, moja ipelekwe Halmashauri. Najua mtasema istilahi hazipo. Tunafanya biashara ya mabilioni kwa Kiswahili kila siku, na makontena yanatoka Guangzhou mpaka bandarini bila mtu kukwama kwenye istilahi.

Na maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Kila Julai tunapita kwenye mabanda yenu, tunapewa kalenda, tunaambiwa dirisha la udahili liko wazi. Mwaka mmoja tu, wekeni meza ambayo mfanyabiashara anakaa na kuwaambia swali lake, mnaliandika kwenye ubao ambao kila mtu anauona, na Sabasaba inayofuata ubao uleule uwepo na majibu pembeni ya maswali. Yatakayokuwa hayajajibiwa yabaki wazi, tuyaone.

Upande wetu tuna cha kutoa. Nimezungumza na wenye maduka ninaowaandikia vitabu, na baadhi wako tayari kufungua madaftari yao ya mali kauli ya miaka iliyopita kwa shule itakayokubali masharti mawili: majina yafunikwe, na matokeo wayasikie wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkija, njooni asubuhi kabla ya saa nne, na msije Jumamosi wala wiki mbili kabla ya Idi. Muulizeni mlinzi wa ghorofa, atawaelekeza kwa mtunza hesabu.

Wenu katika kazi,

Mtunza hesabu wa maduka
Kariakoo, Dar es Salaam